Stika ya gari: inunue ukifikiria siku ya kuibandua

Wateja wengi wakiingia dukani Kariakoo kutafuta stika ya gari huuliza rangi na bei, basi. Swali la maana zaidi halitoki: siku nikitaka kuitoa, itatokaje? Gari huuzwa, kampuni hubadili namba ya simu, mwenye teksi hubadili biashara. Stika mbaya haiondoki peke yake, huondoka na rangi ya gari. Ndiyo maana nimezipanga kwa kigezo hicho kwanza, uimara pili, na bei mwisho.

Ya kwanza: vinaili (plastiki nyembamba ya stika) ya kumimina. Kiwandani hutandazwa ikiwa majimaji, kisha hukaushwa kwa joto bila kuvutwa. Kwa kuwa haikuvutwa, haina haja ya kurudi nyuma baadaye. Ni nyembamba sana, hivyo hulala vizuri kwenye mikunjo ya bampa na vioo vya pembeni. Oracal 951 na 3M 2080 ni za aina hii. Ni ghali, lakini ukiipasha joto hata baada ya miaka kadhaa hutoka vipande vikubwa. Anayetaka kurapu (kufunika) gari zima asikubali nyingine.

Ya pili: vinaili ya rola, yaani iliyobanwa kwenye rola, ya daraja la kati, kama Oracal 651. Hii ndiyo ninayomshauri mwenye gari la kampuni au basi dogo la shule anayetaka maandishi kwenye milango iliyo bapa. Itamtosha kwa miaka kadhaa. Asiipeleke kwenye kona kali tu, itanyanyuka.

Ya mwisho: ile nyepesi ya bei poa isiyo na jina. Hubanwa na kuvutwa kwenye rola, na jua la Dar likiipiga huanza kusinyaa kurudi ilikotoka. Angalia kingo zake baada ya muda: utaona mstari mweusi kuzunguka herufi. Hiyo ni gundi iliyobaki wazi na kunasa vumbi. Ukianza kuibandua inakatika vipande vya ukubwa wa ukucha, na kazi ya saa moja inakula siku nzima. Inafaa kwa tangazo la wiki chache, kwa mfano kampeni au harusi.

Namna ya kuzitofautisha dukani: geuza uone karatasi ya nyuma. Viwanda vinavyojiheshimu huchapa jina lao pale. Kama karatasi ni nyeupe tupu, omba uone lebo ya rola lenyewe la vinaili.

Reflekta za malori siziweki kwenye mashindano haya, kwa sababu hazinunuliwi kwa urembo bali kwa uhai wa watu usiku. Tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na 104R. Zinazong'aa dukani bila alama hiyo, ziache.

Kwa nembo, kromu za milango na vikinga mvua, kinachonunuliwa hasa ni tepu. Chagua tepu ya povu la akriliki, kama VHB ya 3M, na si ile nyeupe ya sponji ya kubandikia picha ukutani. Safisha bodi kwa spiriti, kandamiza kwa nguvu, kisha usioshe gari kwa siku tatu. Gundi yake huchukua kama saa 72 kushika kikamilifu.

Kubandika kufanyike asubuhi, kivulini. Boneti iliyochemka adhuhuri hunasa gundi papo hapo na huwezi tena kurekebisha. Na gari lililopigwa rangi upya lisubiri kama mwezi mmoja. Hapa fundi aseme kweli: rangi ya gereji iliyopigwa bila kusafishwa vizuri chini hubanduka hata na stika bora, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Wakati wa kutoa, drayeri ya nywele inatosha. Pasha mpaka bodi iwe ya moto lakini mkono unavumilia, inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, kisha vuta taratibu ukiikunja stika irudi juu yake yenyewe. Ukivuta kwa pupa unaacha gundi yote kwenye bodi. Mabaki yafute kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, halafu osha kwa sabuni. Tina (thinner) usiiguse, inalainisha rangi na klia, yaani tabaka la juu linalong'aa. Nembo ya kromu ikate kwa nyuma kwa uzi wa kuvulia samaki, ukiuvuta huku na huku kama msumeno.

Stika za Nenda kwa Usalama zilizorundikana kwenye kioo cha mbele hutoka kwa wembe mpya na maji ya sabuni. Kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu kisiguswe na wembe kwa ndani, waya mmoja ukikatika mstari wake wote haupati joto tena.