Saiti ya majina ya Kitaliano: ramani safi, nembo msinunue

Mie nipo mapokezi kwenye hoteli moja huku Kiwengwa, Unguja, na anaeijua Kiwengwa anajua Wataliano walivyojaa, mpaka watoto wa pwani wanakupigia "ciao" kabla ya mambo. Mgeni mmoja alinionesha saiti, unaandika jina la ukoo la Kitaliano inakuletea ramani ya Italia na wapi limejaa, chini yake asili ya jina. Mwezi wa tatu huu naitumia.

Ramani nzuri wallahi. Andika Rossi, ndo linaloongoza kwa wingi Italia nzima, maana yake mambo ya wekundu, babu wao alikuwa na nywele au ndevu nyekundu, basi ukishuka kusini mwekundu huyohuyo anaitwa Russo. Ferrari ni ukoo wa wahunzi, hao wengi kaskazini. Kwahiyo pasi ikifika mezani nachungulia jina, narusha "Milano?", nikipatia mgeni anafurahi, na tipu inakuwa si haba.

Sasa siku hiyo kaja bimkubwa mmoja, pasi imeandikwa Esposito. Naandika, ramani inawaka Napoli yote, nikaanza kumsomea kwa kujidai na Kitaliano changu cha pwani, kufika katikati nikakwama. Jina limetoka kwenye Kilatini, expositus, alowekwa nje, walikuwa wakipewa watoto waloachwa. Pale Napoli kwenye nyumba ya Annunziata, ya kulelea watoto waloachwa, kulikuwa na gurudumu ukutani, mtoto anawekwa upande wa barabarani, linazungushwa, anatokea ndani na alomleta hajaonekana uso. Wamelifunga 1875. Jamani nilitamani kaunta inimeze, namwambia mgeni mzee wake kaokotwa! Yeye kacheka mpaka machozi, ananambia darasani kwao walikuwa Esposito wanne, tena nimtafute Colombo wa Milano, maana yake njiwa, watoto wa kuokotwa wa huko walipewa jina hilo kwa vile nembo ya hospitali ilikuwa njiwa.

Tatizo lao duka. Ukurasa huohuo unaokwambia Esposito ni mtoto wa gurudumu, pembeni unakuuzia nembo ya ukoo wa Esposito, ngao na simba, eti mabwana wakubwa! Mwenzangu wa zamu ya usiku kanunua dola 15 ampe mgeni zawadi, ikaja picha ina ukungu, kaandika arejeshewe pesa, kimya mpaka leo.

Halafu usijaribu jina lako, mie nimejaribu. Inataka jina la ukoo, na sie hapa ni langu, la baba, la babu, mwanangu akizaliwa babu ashasukumwa nje ya foleni. Ikanijibu halipo.

Ramani naipa nne kwa tano, duka sifuri. Na fungueni kwenye waifai, inakula bando vibaya mno.