Bima ya WIBA kwa karakana ya mbao: uzoefu wangu Kisumu

Nina karakana ya samani hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nimeajiri mafundi wachache, na kazi ikizidi naongeza vibarua. Bima ya WIBA, ile ya kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini, naikata kila mwaka. Niseme mapema kwamba imenisaidia: fundi wangu aliumia na amelipwa haki yake. Lakini jinsi bima hii inavyouzwa kwetu wenye biashara ndogo inaniudhi sana, na ndicho kilichonifanya niandike.

Wengi wetu tunaikata kwa ajili ya cheti. Ukiomba zabuni ya madawati ya shule, au mkandarasi akikupa kazi ya milango ya jengo lake, unaitishwa cheti cha WIBA. Ajenti anakutafutia cha bei ya chini kabisa, unalipa, mnaagana. Hakuna anayekaa nawe kukusomea kilichoandikwa ndani. Ilhali sheria yenyewe, ile ya mwaka 2007 ya fidia kwa majeraha ya kazini, inamtaka kila mwajiri awe na bima hii. Na uwe umeikata au hujaikata, fidia ya mfanyakazi aliyeumia ni deni lako. Nawasikia majirani wakisema, "Mimi nalipa SHA na NSSF, yatosha." Haitoshi. SHA ni bima ya afya ya serikali, inashughulika na matibabu, na NSSF ni akiba ya uzeeni. Hazimfidii mtu kidole alichopoteza akikufanyia kazi.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni mshahara unaoandikwa kwenye fomu. Bei ya bima hutegemea aina ya kazi na jumla ya mishahara unayolipa kwa mwaka. Ajenti wa kwanza aliyenijia aliniambia, "Mama, tuandike elfu kumi na mbili kwa kila mtu, bei itashuka." Nilikataa, na hesabu ni hii. Mtu akipata ulemavu wa kudumu, sheria inaanzia kwenye mapato ya miezi 96, halafu inachukua asilimia ya ulemavu ambayo daktari ameandika. Fundi wa shilingi 20,000 kwa mwezi, akipewa ulemavu wa asilimia 10, anastahili shilingi 192,000. Ukimwandikisha kwa 12,000, hesabu ya bima inatoka 115,200. Hizo zaidi ya 76,000 zinazobaki hazipotei hewani. Zinakusubiri wewe mwajiri. Nani atakuambia hayo wakati anakuuzia?

Kisha siku ikafika. Msumeno wa meza ulimkata fundi wangu vidole alipokuwa akipasua saiprasi. Tulimkimbiza Russia, ndivyo wenyeji tunavyoiita hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Nilimpigia simu ajenti tukiwa tungali hospitalini, kwa sababu mwajiri ana siku 7 tu za kuripoti ajali kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Mtu akifariki, ni saa 24. Kuna fomu yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na hiyo ya daktari ndiyo roho ya dai zima, maana pale ndipo asilimia inapoandikwa. Ofisi inapiga hesabu, inapeleka dai kwa kampuni ya bima, na sheria inataka lilipwe ndani ya siku 90.

Hapa ndipo kampuni yangu ilinichosha. Mara wanataka barua ya ajira, mara uthibitisho wa mshahara, na wakishapewa wanauliza upya kana kwamba hawajaona kitu. Kilichotuokoa ni daftari la mahudhurio, ambalo kila fundi anatia sahihi asubuhi, pamoja na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha malipo ya kila mwisho wa mwezi. Kama unawalipa watu wako taslimu bila hata karatasi, sijui ungewajibu nini. Walilipa hatimaye, na walilipa kamili. Pia fundi alipata mshahara wake wakati mkono unapona, kwa kuwa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi anastahili malipo hayo. Kijana ana mke na watoto. Nilipomwona akilipa karo bila kuja kukopa kwangu, nilishukuru kwamba tuliandika mshahara wake wa kweli.

Matibabu nayo ni habari nyingine. Sheria inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya aliyeumia, lakini bima ina kikomo chake, na chetu kilikuwa kidogo. Bili ilikipita na nililipa tofauti kutoka mfukoni. Uliza kikomo hicho kwa tarakimu, na usikubali jibu la "hospitali imo."

Kuna pia hatari ambazo WIBA haigusi kabisa. Mteja akijikwaa kwenye nyaya zako na kuvunjika mguu, yeye si mfanyakazi wako, na WIBA haimjui. Unahitaji bima ya dhima kwa umma. Kesi ya uzembe inayofunguliwa mahakamani dhidi ya mwajiri nayo ina bima yake, ya dhima ya mwajiri. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba utaratibu wa sheria hii, wa dai kuanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini badala ya kukimbilia kortini, unakubaliana na katiba. Ulikuwa uamuzi mzuri kwetu na kwa mafundi wetu pia, kwani kesi hula muda na pesa za pande zote mbili.

Bima yenyewe naipa alama nane kwa kumi. Kampuni iliyonihudumia naipa tano, na nimeihama. Kabla ya kuhama nilihakikisha kuwa kampuni mpya na ajenti wake wana leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Ajenti huyu mpya, dada mmoja mwenye subira, ameniletea bei ya WIBA na ya dhima kwa umma pamoja. Nimemrudishia karatasi aandike kikomo kipya cha matibabu, na aeleze waziwazi kwamba vibarua wamo. Akirudi nayo imekamilika nitalipa siku hiyo hiyo, kwa sababu bima haianzi kufanya kazi kabla hujalipa.