Vyombo vya kuhifadhia chakula: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kama una kile chombo cha plastiki kilichowahi kulala na mchuzi wa nyanya, ule wekundu hautoki hata usugue vipi, basi hapo umeona kwa macho yako mafuta yalivyoingia ndani ya plastiki. Na kemikali za plastiki nazo zinatoka kuja kwenye chakula, zaidi kikiwa cha moto, kina mafuta, kichachu, au kikikaa humo muda mrefu. Ndo maana mi napanga kwa hayo, sio kwa urembo wa chombo.

Namba moja ni glasi, hakuna mjadala. Haishiki harufu, inaingia friji, inaingia maikrowevu. Chukua ya borosiliketi maana inavumilia joto la ghafla kuliko glasi ya kawaida. Mfuniko mara nyingi ni plastiki, kwa hiyo usijaze hadi juu na ukipasha uutoe.

Ya pili stenlesi, iliyogongwa 18/8, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Kwa mtoto anayebeba chakula shule ningechukua hii kabla ya glasi, ila haiingii maikrowevu.

Ya tatu plastiki namba 5, polipropilini. Geuza chombo, papasa chini utakuta kipembetatu kina namba ndani. Kwa vitu vikavu na vya baridi inatosha kabisa. Ikiandikwa inafaa maikrowevu haimaanishi haitoi kitu, hamishia chakula kwenye sahani kwanza ndo upashe, tafadhali.

Za kuacha ni plastiki namba 3, ambayo ni PVC na hulainishwa kwa ftaleti, na namba 6, polistireni. Namba 7 ni kapu la "nyinginezo", na humo ndimo ilimo polikaboneti inayotengenezwa kwa BPA, kemikali inayoiga homoni ya estrojeni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto wachanga 2011, halafu 2023 EFSA, mamlaka yao ya usalama wa chakula, ikashusha kiwango cha BPA kinachovumilika mwilini kwa siku mara 20,000 hivi. Na usitulie ukiona tu "haina BPA", viwanda vingine vilihamia BPS ambayo ni ndugu yake wa karibu.

Hela ikitosha chombo kimoja, nunua glasi moja kubwa ya vyakula vya moto, chupa tupu za jamu zioshe uzitumie kwa vilivyopoa, na plastiki yenye mikwaruzo ifanye ya kuhifadhia misumari.