Digrii ya ununuzi na ugavi hapa Mtwara: nyota tatu, na nne ipo njiani ikitaka

Natoa nyota tatu kati ya tano, na katika hizo tatu mbili ni za ticha mmoja tu. Chuo chenyewe sikitaji jina, sitaki maneno na watu, na mji wetu mnaujua, ukipiga chafya Shangani wanakuombea afya Magomeni.

Nimesoma pale 2020 mpaka 2023, saivi niko kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, nashughulika na makaratasi ya mizigo inayotoka. Naandika hii sababu dirisha la maombi likifunguliwa tu simu yangu haipoi, mara binamu, mara mtoto wa jirani, mara mama mmoja wa kikoba, "mwanangu eti ile kozi ina ajira?" Nawajibu wote hapa nipumzike.

Vya darasani hawajanidhulumu, niseme ukweli. Sheria ya manunuzi nilishiba, zabuni, tathmini, mikataba, hesabu za stoo, fomula ya EOQ, ile ya kujua uagize mzigo kiasi gani kwa mara moja, hata ukiniamsha saa nane usiku naitapika. Na kwa wanaofikiria mitihani ya PSPTB, yaani bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, masomo yanaendana, wenzangu waliokaa kwenye ile mitihani hawakuanza upya. Hili mjue mapema maana wengi wanashtuka wakishavaa joho: digrii peke yake haikufanyi mtaalamu wa ununuzi, kuna sheria ya 2007 iliyounda hiyo bodi na inataka usajiliwe.

Ila mifano jamani. Mifano yote Walmart, Dell, Toyota. Toyota na jasti in taimu yake, eti kipuri kinafika kiwandani muda ule ule kinapotakiwa kufungwa, stoo kubwa ya nini. Sawa, nzuri, wamefanikiwa. Halafu unatoka darasani unashuka kidogo tu unaiona bahari, na kule unasubiri meli ambayo jana walisema inakuja leo na leo wanasema kesho kutwa. Hakuna aliyetueleza kwanini makontena matupu ni dhahabu Mtwara, wakati jibu ni rahisi hata bibi yangu analielewa: sisi tunapakia kontena kwenda nje kwa miezi michache, nyingi korosho, na vitu vinavyoingia kwa kontena ni vichache, kwahiyo kontena la kupakia inabidi liletwe likiwa halina kitu ndani, na kuleta hewa kwa meli kuna gharama, mwenye meli hawezi kukufanyia sadaka. Hilo mi nimelijulia kazini. Miaka mitatu nimelala mita chache kutoka hapo!

Sasa huyo ticha wa nyota mbili. Alitufundisha lojistiki mwaka wa pili, mzee mpole, suruali imepauka, haji na projekta. Siku moja akaja na karatasi na vizibo vya soda. Kuna mchezo ulitungwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya sitini, wenyewe wanauita mchezo wa bia, yeye akaufanya wa soda maana ilikuwa mwezi wa Ramadhani akasema hataki kubeba dhambi za watu. Mnakaa wanne kwa mstari, mwenye duka, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Marufuku kuongea, unampa mwenzio kikaratasi cha oda tu, na mzigo unachelewa kufika. Mteja alikuwa anachukua kreti 4 kila wiki, ikafika wiki akachukua 8, na akabaki kwenye 8 hapo hapo mpaka mwisho, hakuna kingine kilichobadilika. Mi nilikuwa kiwanda. Naletewa oda ya kreti 10, mara 20, mara 40, natengeneza kama nimerogwa, halafu ghafla kimya, oda sifuri wiki baada ya wiki na stoo yangu imefurika. Tuligombana kweli kweli, dada aliyekuwa jumla mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa tahadhari. Ticha akaturuhusu kupiga kelele mpaka tukachoka, ndo akasema hiyo wataalamu wanaiita mjeledi, mkono unatikisika kidogo tu ila ncha inaruka huko mbali. Kisha akauliza, haya, magunia na salfa ya mikorosho, kila msimu mnasikia kelele za mzigo kuchelewa au kupungua, mnadhani kwenye ule mnyororo nani kaongea na nani? Darasa kimya.

Huyo huyo ndo aliyetuhadithia mradi wa karanga. Waingereza 1947 wakaja na akili zao za kulima karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, wakachora reli, wakachora bandari ya maji marefu Mtwara, matrekta yakashindwa na visiki na udongo mgumu, 1951 wakaachana nao. Gati likaja kukamilika mwenye shughuli alishafariki, yaani ukumbi umepambwa bwana harusi hayupo. Reli nayo ikaja kung'olewa. "Walijenga mnyororo kuanzia mwisho," alisema, hawakuuliza kwanza kama mzigo upo. Nilivyofika hapo ndo nikaelewa neno ugavi, na sikulielewa kwenye desa la kurasa 200.

Haya, shida sasa, na ndo sababu ya kuandika hii yote.

Fildi. Chuo chetu fildi iliangukia mwezi wa saba mpaka wa tisa, likizo ndefu, kama vyuo vingi. Minada ya korosho inafunguliwa mwezi wa kumi, inakimbia mpaka wa kumi na mbili, ikichelewa sana wa kwanza. Umeona hapo? Mwezi wa nane ukienda ghalani unakuta mlinzi, paka na turubai limekunjwa, hata panya wameshahama kutafuta riziki. Halafu mwezi wa kumi na moja mji wote umewaka, malori yamepanga foleni kuelekea bandarini, wapakiaji wanaimba, mzani haupumui, sisi tumefungiwa ndani tunafanya testi ya pili ya somo la, subiri, usimamizi wa maghala. Naapa. Swali lilikuwa taja faida sita za mpangilio mzuri wa ghala, na honi za malori zinasikika mpaka dirishani.

Fildi yenyewe niliipata kwa kuzunguka na barua, chuo kinakupa barua iliyopigwa muhuri inaanzia "kwa yeyote anayehusika", ukajitafutie huyo anayehusika. Ofisi saba zilinikataa, ya nane ikanipokea, ofisi ya umma moja hivi. Wiki nane. Nilitoa kopi, nilipanga mafaili kwa herufi, nilifuata vitumbua na chai, na vitumbua vya yule mama wa jirani na ofisi vilikuwa vitamu hilo sitawanyima haki yao. Kwenye logibuku nikaandika "nilishiriki katika mchakato wa usimamizi wa nyaraka". Supavaiza wa chuo alikuja mara moja, akakaa robo saa, akauliza kama nina changamoto huku bosi wangu kakaa pembeni anatabasamu, sasa ningesema nini, akasaini akaondoka. Nikapata A.

Kilichoniokoa ni mjomba. Ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Nachingwea, na mwaka wa tatu nikatoroka siku nne za mwezi wa kumi na moja nikaenda kukaa naye ghalani. Siku nne zile! Nilijifunza kupima unyevu, korosho ikizidi kama asilimia 10 hapo hakuna huruma irudi juani. Nilijifunza kuchoma gunia bambo kuchukua sampuli, kuhesabu korosho ngapi zinaingia kwenye kilo, kuzikata mbili mbili, kutenga mbovu, kupima kiini kizima, mpaka unapata autituni, yaani ratili ngapi za kiini zinatoka kwenye gunia la kilo 80. Wanunuzi wa India na Vietnam wanaulizia hiyo namba kabla hata ya salamu. Nilimuona mjomba akibishana na mwendesha ghala kuhusu unyaufu, korosho imekauka imepungua uzito, sasa hizo kilo zilizopotea analipa nani, na mabishano yale yalikuwa na sheria ndani yake, hesabu, mkataba, na matusi kidogo ya Kimwera. Nilielewa pia kwanini watu bado wanauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi wa mtaani nje ya mnada, pamoja na kwamba wanapunjwa na ni kosa: stakabadhi ghalani inakulipa mnada ukishapita na pesa ikishazunguka, kangomba inakulipa leo na mtoto anaumwa leo. Hamna profesa aliniambia hilo.

Nikarudi chuo nikakuta nimekosa prezentesheni ya kundi, nikapata sifuri ya alama kumi. Mada ilikuwa mnyororo wa thamani wa zao la kimkakati.

Na tukio la siku ya intavyuu ya hii kazi yangu silisahau. Bosi, mzee wa makamo, hakuuliza GPA. Akauliza kontena la futi 20 linameza magunia mangapi ya korosho. Mwenzangu tuliyeingia naye, kichwa sana, GPA yake ukiiona unasimama wima, akaanza "lojistiki ni sehemu ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi ambayo…" mzee akainua mkono. Mi nikasema kama 200, tani 16 hivi, ila msitie gunia kabla hamjatandika makaratasi ukutani maana kontena linatoa jasho baharini na korosho inaota ukungu. Mjomba tena huyo, sio chuo. Nikachukuliwa, na mwenzangu yule nilimwonea huruma maana hakukosea, alijibu alichofundishwa.

Sasa uhusiano na wenye viwanda na makampuni, maana kwenye vipeperushi wanausifia sana. Kuna siku moja kwa mwaka, mabango, maji ya chupa, wageni kutoka bandarini, benki, vyama vya ushirika, kiwanda cha saruji. Wanahutubia, "vijana jiamini", picha, pilau. Tulikwenda pia ziara ya kiwanda cha saruji nje kidogo ya mji, basi limechelewa tumefika saa saba, tumezungushwa dakika arobaini tumevaa helmeti, tumerudi. Sikatai ni bora kuliko kukaa hosteli. Ila katika hao wageni wote hakuna aliyewahi kuulizwa mtaala una nini, wala kuletewa mwanafunzi mwenye swali moja la kampuni yake alifanyie kazi miezi mitatu alete jibu. Vyuo vya nje vinafanya hivyo, MIT wana kituo cha usafirishaji na lojistiki tangu 1973 na wanafunzi wao wa uzamili wanamaliza kwa kutatua tatizo halisi la kampuni. Utasema wale wana hela. Kweli. Ila kumtembeza mwanafunzi kutoka darasani mpaka kwenye mzani hapa Mtwara ni nauli ya bodaboda.

Kuna lawama nyingine naiona sio haki ila watu wanaisema, kwamba tulikariri sheria ya manunuzi ya 2011 na TANePS, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, tumemaliza tu tunakuta mfumo mpya, NeST, na sheria mpya ya 2023. Hiyo nawasamehe, hakuna chuo kingewahi, hata maofisini watu walikuwa wanapiga simu kuulizana wabonyeze wapi. Ila nasikia bado kuna madesa yaleyale yanazunguka, kama ni kweli hapo sasa ni uvivu.

Somo la hatari kwenye ugavi nilipata C. Halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, malori yamelala, watu wanazungukia Songea, na ofisini tukashinda wiki tunapiga hesabu ipi ngojea ipi zungusha, nani ana mzigo wa kuoza nani anaweza kuvumilia. Bosi akaniuliza umesoma wapi haya mambo. Nikacheka.

Kwahiyo binamu, na wewe mtoto wa jirani, na mama wa kikoba: nendeni, kozi sio mbaya, ada mnaijua, hosteli zikijaa vyumba vya Chuno vinapatikana. Ila mkifika tafuteni mjomba, wa damu au wa kuazima, yeyote mwenye funguo za ghala, na ikifika Novemba mjifanye mnaumwa siku nne. Yule ticha wa vizibo yupo bado, anafundisha mwaka wa pili, kaeni mbele.

Na chuo kama kuna anayesoma hapa, sogezeni fildi. Sio lazima ya watu wote, hata ya darasa moja la ugavi tu, iwe Oktoba na Novemba, masomo yafidiwe mwezi wa nane ghala likiwa na paka. Mwaka nitakaokutana na mwanachuo getini bandarini mwezi wa kumi na moja ameshika daftari na vumbi limemjaa usoni, nakuja hapa hapa kuongeza nyota ya nne.