Vipande vya protini: nanunua kwa jioni za mazoezi tu

Kipande kimoja cha protini, yaani kile kitafunio cha kwenye karatasi wanachokiita "protein bar", cha gramu 60 nakinunua shilingi 9,000 kwenye duka moja la Mikocheni, na kina protini gramu 20. Muuza mayai ya kuchemsha pale Posta anakupa matatu kwa 1,500, kachumbari juu, na ndani yake kuna protini gramu 18 hivi. Kwa hiyo anayetafuta protini tu, ale mayai.

Mimi nanunua kwa sababu nyingine. Natoka kazini saa kumi na moja, na wali maharage wa saa saba umeshaisha tumboni. Nikianza kukimbia na njaa hiyo, nikivuka Daraja la Tanzanite naishia Coco kwenye mihogo ya kukaanga, na mazoezi ndiyo yamekwisha. Mayai matatu nayo, ukiyala ukakimbia papo hapo, unacheua njia nzima. Kipande nakila nusu nikiwa bado ofisini, navaa raba, natembea hadi Aga Khan, naanza. Nusu nyingine nakula nikimaliza. Tangu nijipange hivyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hazinipiti, hata siku ambazo bosi amenichosha kweli kweli. Kwa hilo peke yake hela yangu naiona imekwenda mahali pake.

Ladha, chukua ya karanga. Unaisikia karanga yenyewe, imesagwa nusunusu, chenga zinabaki kwenye meno, na utamu wake ni wa kiasi. Ile iliyopakwa chokoleti haifai kwa joto la Dar. Niliifungua ndani ya mwendokasi mchana wa Februari, chokoleti yote ikabaki kwenye karatasi na vidoleni, mkononi nikashika kitu laini kama halua.

Geuza karatasi usome viambato. Ukikuta maltitol, hiyo ni sukari mbadala ambayo utumbo hauifyonzi yote. Inayobaki inachachushwa na bakteria, tumbo linajaa gesi, na ukizidisha unaharisha. Kabla ya kukimbia ni balaa, maana katikati ya daraja huna pa kujisitiri. Ninayoila mimi imetiwa tende.

Msikubali kuambiwa mle viwili kila siku. Mtu mzima wa kilo 60 asiye na mazoezi mazito anatosheka na protini gramu 48 hivi kwa siku nzima, na maharage ya mchana pamoja na samaki wa usiku vinamfikisha. Wanaonyanyua vyuma wanahitaji zaidi, lakini hata wao dagaa wapo, tena bei rahisi.

Duka lenyewe halina shida. Dada wa kaunta anakuonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa, na ukichukua boksi zima anakupunguzia. Vya karanga huisha mapema, kwa hiyo piga simu kwanza akuwekee.