Sindano ya mgongo au nusu kaputi: moyo unavumilia ipi?

Ganzi ya mgongo inalegeza mishipa ya damu, presha inashuka haraka, na ganzi ikipanda mpaka kifuani mapigo nayo yanapungua, ndo maana unaona dripu inakimbizwa na atropini na efedrini, dawa za kupandisha mapigo na presha, ziko tayari pembeni. Nusu kaputi, yaani kulazwa usingizi kabisa, nayo inashusha presha ukilala, halafu mpira wa kupumulia ukiingizwa kooni presha na mapigo vinapaa, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyobana hilo si dogo. Gharama, mgongo kawaida ni nafuu. Mama anayejifungua kwa operesheni na moyo hauna shida, mimi nasema mgongo. Ila kama valvu ya aota (mlango wa damu inapotoka kwenye moyo kwenda mwilini) imebana sana, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari wa usingizi mapema jamani, usifiche, hapo nusu kaputi inaweza kuwa salama zaidi.