Seti ya oksijeni ya nyumbani kwa maumivu ya klasta: ipi inunuliwe Mwanza, ipi iachwe dukani

Ukiingia duka la vifaa tiba mjini Mwanza ukaomba oksijeni ya nyumbani, usishangae ukisogezewa mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 kwa dakika, na mpira wa puani umekunjwa ndani ya boksi. Kwa mgonjwa wa mapafu ni kifaa cha maana. Kwa mwenye maumivu ya kichwa ya klasta ni pesa iliyotupwa ziwani, hata kabla umeme haujakatika.

Shambulio la klasta hudumu dakika 15 hadi 180. Linashika upande mmoja, nyuma ya jicho. Jicho linakuwa jekundu na kutiririsha machozi, pua ya upande huo inaziba, kope linalegea. Mwenye kipandauso hutafuta giza alale. Mwenye klasta hatulii, anazunguka chumba saa saba usiku ameshika kichwa. Kinachomfaa ni oksijeni ya lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20, tangu maumivu yanapoanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitumia lita 12: ndani ya dakika 15 nafuu ilipatikana katika asilimia 78 ya mashambulio, dhidi ya asilimia 20 kwa waliovuta hewa ya kawaida. Mpira wa puani haufikishi kiwango hicho hata ukiungwa kwenye mtungi wa hospitali.

Seti tunayoipendekeza ina vitu vitatu: mtungi wa oksijeni ya hospitali, regyuleta (kifaa cha kushusha presha na kupima mtiririko) inayofika lita 15 kwa dakika, na barakoa yenye mfuko. Duka likikuuzia kimoja pungufu, hujanunua kitu.

Mtungi kwanza. Zidisha ujazo wake kwa presha iliyo kwenye geji. Wa lita 10 uliojazwa bar 150 una lita 1,500 za gesi. Shambulio moja la dakika 20 kwa lita 15 linakula lita 300, kwa hiyo unapata mashambulio matano. Mwenye mashambulio matatu kwa siku anaumaliza kabla ya siku ya pili kwisha. Wa lita 40 unatoa 20, lakini una uzito wa kama kilo 50, na hapo ndipo tunapoikata seti hii nyota moja kati ya tano. Soma geji mbele ya muuzaji kabla hujalipa: mtungi wa lita 10 unaosoma 120 badala ya 150 umekupunja shambulio zima. Geji nyingine husoma kwa psi. 2,200 ni sawa na bar 150 hivi.

Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea, hata ikiwa rahisi na iko jirani, hapana. Mtungi wake haukuandaliwa wala kukaguliwa kwa ajili ya pua ya mtu. Soma lebo, rangi isikudanganye.

Regyuleta ndiyo inayowakwamisha wengi. Mitungi mikubwa huwa na nyuzi za skrubu; midogo mingine ina vishimo viwili vinavyopokea pini. Regyuleta ya aina moja haikai kwenye nyingine, basi zijaribuni pamoja palepale dukani, na pete ya kuzibia maungio iwepo. Nyumbani simamisha mtungi, ufunge kwa mnyororo ukutani, fungua valvu kidogo sana kwa sekunde moja ili vumbi litoke, funga, kisha ndipo uweke regyuleta. Fungua polepole na upake povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, gesi inavuja. Mikono iwe mikavu na safi: oili ya injini ya boti au mafuta ya kujipaka yakigusa valvu ya oksijeni yanaweza kuwaka. Koili ya mbu, sigara na jiko la mkaa vitoke chumbani.

Barakoa ndiyo ndogo kuliko vyote na ndiyo inayoharibu kazi. Jaza mfuko kabla hujaivaa. Ukivuta pumzi mfuko unywee kidogo tu. Mfuko ukilala bapa, mtiririko hautoshi. Barakoa nyingi zina kipepeo cha mpira upande mmoja na matundu wazi upande wa pili, hapo hewa ya chumbani inaingia na kuchanganyika. Ziba matundu hayo kwa kidole gumba unapovuta, achia unapotoa. Chupa ya maji ya kulainisha hewa iondoe: kwa lita 15 valvu yake inaweza kupiga filimbi na gesi ikapotelea hapo.

Sasa daktari, maana bila karatasi yake seti hii haifai kununuliwa. Njia ya rufaa inajulikana, hospitali ya Sekou Toure kwa mkoa na ya Bugando kwa kanda. Bingwa wa mishipa ya fahamu ndiye wa kumtafuta, ila bingwa wa magonjwa ya ndani anayeijua klasta anaweza kuanza tiba. Mpime kwa anachoandika. Cheti kinachosema "oksijeni" tu bado ni kitupu. Kiwe na lita kwa dakika, aina ya barakoa na muda. Akikuandikia verapamil, dawa ya kuzuia mashambulio, bila ECG (kipimo cha umeme wa moyo), uliza. Kawaida huanza na miligramu 80 mara tatu kwa siku na kupanda taratibu, ECG ikirudiwa kila dozi inapopanda, maana dawa hiyo huchelewesha umeme wa moyo. Ikichanganywa na propranolol, ambayo wengi huwa tayari wamepewa kwa "kipandauso", mapigo yanaweza kushuka vibaya. Prednisolone, dawa ya steroidi, hutolewa kwa muda mfupi verapamil ikisubiriwa kufanya kazi. Sukari, presha na kifua kikuu vichunguzwe kwanza. Sindano ya sumatriptan ya miligramu 6 chini ya ngozi hufanya kazi upesi, isizidi mbili kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi haruhusiwi. Paracetamol na diclofenac hazifui dafu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa oksijeni ya kasi hiyo.

Beba kliniki daftari la wiki mbili: saa, upande, dakika, pombe kama ilinywewa. Na video fupi ya jicho wakati wa shambulio. Video hiyo huokoa meno, kwani kuna wanaong'olewa magego mazima na kutibiwa sainasi miaka kwa sababu siku ya kliniki jicho liko safi. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko siku zote, chenye homa, shingo ngumu au mkono uliolegea, hicho si cha kusubiri kliniki. Ni cha dharura.

Kwa wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa foleni ya kivuko siku ya kujaza mtungi. Wa Ukerewe bado wanategemea maji, kwa hiyo mtungi wa lita 40 ubaki Nansio na wa lita 10 ndio usafiri, umesimamishwa na kufungwa kamba, valvu imefungwa, regyuleta imevuliwa, mbali na madumu ya petroli. Upelekwe kujazwa ukiwa na mashambulio mawili ndani, yaani bar 60 kwenye geji.